Sumu zinazodumu nchini Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wakulima, mafundi umeme, wauza vyuma chakavu, wanafunzi na akina mama wa kliniki. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo ukitaka jambo moja tu nenda moja kwa moja kwenye swali lake. Mifano mingi ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina swali lake (la 7).

## Mambo ya msingi

1. Sumu zinazodumu ni kemikali zipi hasa?

Ni kemikali zenye sifa nne kwa pamoja: ni sumu, haziozi upesi, hujikusanya katika miili ya wanyama na binadamu, mara nyingi kwenye mafuta, na husafiri mbali na mahali zilipotumika. Kemikali yenye sifa moja au mbili tu kati ya hizo inaweza kuwa hatari sana, lakini haimo katika kundi hili.

Orodha rasmi iko kwenye Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa Mei 2001. Ilianza na kemikali 12. Tisa zilitumika kama viuatilifu: aldrini, dieldrini, endrini, klordani, heptaklori, mireksi, toksafeni, heksaklorobenzini na DDT. Nyingine ni mafuta ya viwandani yanayoitwa PCB (swali la 13), na mbili za mwisho, dioksini na furani, hazitengenezwi na mtu kwa makusudi. Huzaliwa motoni (swali la 16). Tangu 2009 orodha imekuwa ikiongezwa na sasa imepita 30.

2. Babu alipulizia DDT miaka mingi na alikufa mzee. Hatari iko wapi?

DDT haimwangushi mtu papo hapo kama zinavyofanya baadhi ya dawa za shambani za leo. Ndiyo maana ilipendwa. Paul Müller, aliyegundua uwezo wake wa kuua wadudu mwaka 1939, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na wakati huo watu walipuliziwa unga wake mwilini ili kuua chawa.

Madhara yake ni ya polepole, na mara nyingi humpata mwingine asiye mpuliziaji: ndege wanaotaga mayai yenye maganda membamba, samaki, mtoto aliye tumboni. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka DDT mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mzee mmoja aliyeishi miaka mingi hathibitishi usalama wake, kama ambavyo mgonjwa mmoja wa saratani kijijini hathibitishi kwamba DDT ndiyo iliyomwua.

3. Zinaingiaje mwilini?

Kwa wengi wetu, kwa chakula. Kwa dioksini, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya asilimia 90 ya kile kinachoingia mwilini hupitia chakula, hasa nyama, maziwa, samaki na mayai. Sumu ikitua kwenye majani, ng'ombe huyala na kuihifadhi kwenye mafuta yake. Anayekunywa maziwa ya ng'ombe huyo huipata ikiwa imekusanywa tayari. Mwili wa binadamu huiweka kama kibubu kisicho na tundu la kutolea: nusu ya dioksini kali zaidi huchukua takriban miaka 7 au zaidi kutoka mwilini.

Wanaofanya kazi karibu na chanzo, kama fundi wa transfoma au kijana anayechoma nyaya, huipata pia kwa ngozi na kwa kuvuta hewa.

4. Kama zimepigwa marufuku, kwa nini bado tunazizungumzia?

Kwa sababu marufuku huzuia mzigo mpya tu, na mzigo wa zamani bado upo. Katika udongo, nusu ya DDT huweza kuchukua kati ya miaka 2 na 15 kupungua, kutegemea joto, mvua na aina ya udongo, na inachogeuka kuwa (DDE) hudumu zaidi ya DDT yenyewe. Kwenye joto letu sehemu kubwa huondoka upesi kuliko Ulaya, ila kuondoka si kuoza. Huruka na hewa na kutua kwenye baridi. Wainuiti wa Kanada na Greenland, ambao hawajawahi kulima pamba, wamekutwa na sumu hizi kwa wingi miilini mwao kupitia samaki na mafuta ya sili.

Tunao pia mzigo tunaoendelea kuuzalisha wenyewe, nao ni moshi. Ukiniuliza wapi Tanzania ina kazi kubwa zaidi leo, nitakuambia ni dampo linalowaka na stoo zilizosahaulika. Maduka ya pembejeo yanafuata nyuma ya hayo.

## Sheria na wahusika

5. Tanzania imejifunga kufanya nini?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm Aprili 2004, na mkataba wenyewe ukaanza kutumika duniani Mei 17 mwaka huohuo. Mwanachama anatakiwa kuacha kuzalisha na kutumia kemikali zilizoorodheshwa, kupunguza zile zinazozaliwa motoni, kutafuta na kuondoa shehena za zamani, na kuandika mpango wa taifa wa utekelezaji. Mpango wa kwanza wa Tanzania ni wa mwaka 2005.

Ndani ya nchi, nguzo kuu ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ipo pia sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inayosimamia viuatilifu. Mkataba wa Basel na ule wa Bamako inagusa taka hatarishi zinazovuka mipaka. Utaona kazi yake kwenye swali la 12.

Sheria hazikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni vipimo. Kupima dioksini kunahitaji mashine ghali na wataalamu wachache, na sampuli nyingi za Afrika hupelekwa maabara za Ulaya. Mkaguzi asiyeweza kupima hubaki kumwamini anayemkagua.

6. Nani anahusika na nini? Nikipiga simu ofisi moja naambiwa niende nyingine.

Malalamiko haya ni ya kweli, na yanatokana na kazi kugawanywa. Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo inayobeba mkataba wenyewe na sera. Ukaguzi na utekelezaji wa sheria ya mazingira uko kwa taasisi ya taifa ambayo wengi tunaijua kwa jina la NEMC. Viuatilifu viko kwa TPHPA, mamlaka yenye makao Arusha iliyochukua kazi za TPRI, taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu. Kemikali za viwandani na majumbani ziko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Transfoma nyingi ni za TANESCO, ingawa viwanda vikubwa, migodi na baadhi ya majengo vina za kwao.

Kwa mwananchi wa kawaida, njia fupi ni kuanza na afisa mazingira wa halmashauri, kwa maandishi, na kubaki na nakala. Yeye ndiye anayetakiwa kujua barua iende wapi.

7. Zanzibar je?

Mikataba ya kimataifa ni jambo la Muungano, kwa hiyo uanachama ni mmoja. Mazingira si jambo la Muungano: Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Wewe wa Unguja au Pemba anzia huko.

## Dawa za wadudu, za zamani na za sasa

8. DDT bado inaruhusiwa kwa malaria?

Kimataifa, ndiyo, kwa masharti. Mkataba wa Stockholm haukuifuta DDT kabisa. Uliiweka kwenye orodha ya matumizi yenye mipaka, kwa ajili ya mbu na wadudu wengine waenezao magonjwa, pale ambapo hakuna mbadala salama, unaofanya kazi na wa bei nafuu. Nchi inayoitumia lazima itoe taarifa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza tena kwamba kupulizia kuta za ndani, hata kwa DDT, ni njia halali ya kupambana na malaria. Shambani haikuruhusiwa hata siku moja chini ya mkataba.

Historia yetu inaeleza kwa nini mjadala ni mzito. Kati ya 1955 na 1959, mpango wa Pare–Taveta kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya ulipulizia dieldrini ndani ya nyumba, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Zanzibar ilipuliziwa DDT hadi mwishoni mwa miaka ya 1960; malaria ikashuka sana, kisha ikarudi baada ya upuliziaji kusimama. Anayesema DDT haikuokoa mtu hajui historia hiyo. Lakini mbu hujenga usugu, na dawa iliyotolewa kwa ajili ya ukuta huvuja hadi kwenye nyanya kama stoo haina kufuli. Upuliziaji wa miaka ya karibuni nchini umetumia dawa za makundi mengine.

9. Vikuge kulitokea nini?

Vikuge ni shamba la serikali la malisho huko Kibaha, mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 lilipokea shehena ya viuatilifu kama msaada kutoka Ugiriki, na sehemu ya dawa hizo ilikuwa imeshapitwa na wakati. Zilihifadhiwa kwenye banda. Banda likaanguka, dawa zikamwagika, mvua ikafanya kazi yake.

Baadaye mabaki yanayoonekana kwa macho yaliondolewa, na mtu angeweza kudhani kazi imekwisha. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2004 walikuta udongo wa juu una hadi asilimia 28 ya DDT na mabaki yake. Yaani katika kilo moja ya udongo, gramu 280 ni sumu. Hapohapo kulikuwa na hadi asilimia 6 ya HCH, kundi la kemikali ambamo dawa ya wadudu iitwayo lindani imo. Sumu ilipatikana hadi kina cha sentimita 50, na katika maji ya eneo hilo ilifika mikrogramu 30 kwa lita. Hitimisho lao lilikuwa kwamba udongo uliobaki wenyewe ni taka hatarishi.

Mwaka 2005 mayai ya kuku wa Vikuge yalikuwa miongoni mwa sampuli zilizopimwa katika utafiti wa kimataifa ulioshirikisha AGENDA, asasi ya mazingira ya Tanzania (tazama swali la 21).

Ninairudia Vikuge kila ninapoulizwa kuhusu misaada. Anayepokea dawa anapokea pia gharama ya kuitunza na kuiteketeza, na gharama hiyo haiandikwi kwenye hati ya msaada. Kukataa shehena iliyopitwa na wakati si utovu wa adabu.

10. Dawa zilizokwisha muda zilirundikanaje nchi nzima?

Nzige, viwavijeshi na kwelea kwelea haviji kwa ratiba. Serikali ikiagiza dawa kwa dharura, mara nyingi hufika baada ya wadudu kuondoka. Ziada hubaki stoo. Ongeza vyama vya ushirika vilivyodhoofika na kuacha maghala yenye dawa za pamba na kahawa. Lebo za lugha ambayo mtunza stoo haijui. Mapipa yaliyopata kutu. Na dawa zilizopigwa marufuku zikiwa bado rafu zimejaa. Marufuku yenyewe huzalisha taka, na wapangaji wengi hulisahau hilo.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa Afrika ilikuwa na takriban tani 50,000 za dawa za aina hii. Mwaka 2005 ulizinduliwa mpango wa bara zima wa kuziondoa, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi saba za awamu ya kwanza, pamoja na Ethiopia, Mali, Morocco, Nigeria, Afrika Kusini na Tunisia. Kazi ngumu ilikuwa kuhesabu: kwenda ghala kwa ghala, kufungua milango iliyokaa miaka bila kufunguliwa, kutambua kilichomo kwenye pipa lisilo na lebo. Kufunga na kusafirisha huja baadaye, na ni rahisi zaidi ukishajua unacho nini.

11. Thiodan ilikwenda wapi? Na dawa ya mchwa ninayotumia ni salama?

Thiodan ni jina la biashara la endosalfani, iliyojulikana sana kwa wakulima wa pamba na kahawa. Iliingizwa kwenye orodha ya Stockholm mwaka 2011. Ukiuziwa leo chupa yenye jina hilo, ama ni ya zamani ama imeingia kwa njia ya panya.

Kwa mchwa, zamani zilitumika aldrini, dieldrini na klordani kwenye misingi ya nyumba. Baadaye klorpirifosi ikachukua nafasi hiyo, nayo iliingizwa kwenye orodha mwaka 2025, ikiwa na misamaha ya muda kwa matumizi machache. Kabla ya kununua, soma jina la kiambato kwenye lebo, kwa sababu jina la biashara hubadilika kila msimu, halafu uliza kama usajili wake bado unaendelea.

Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji au soda, isiyo na lebo wala namba ya usajili, usinunue hata ukipunguziwa bei. Huna njia ya kujua ni nini, na daktari naye hatajua siku mtoto akiinywa.

Wavuvi nao wasome hili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda baada ya taarifa kwamba baadhi ya watu walivua kwa kumwaga viuatilifu majini. Wachache walitia sumu, ziwa zima likakosa soko.

12. Kwa nini tusizichome hapahapa tukamaliza?

Kwa sababu moto wa kawaida huigeuza sumu moja kuwa nyingine. Kemikali zenye klorini nyingi huhitaji tanuri la nyuzi joto zaidi ya 1,100, hewa ya kutosha, muda wa kukaa motoni, na mitambo ya kusafisha moshi kabla haujatoka. Tanuri za hospitali hazifiki huko (swali la 18). Tanuri za saruji zina joto la kutosha, nyuzi zaidi ya 1,400, na baadhi ya nchi huzitumia. Lakini zinahitaji mfumo maalumu wa kulishia na vipimo vya moshi, na wakazi wa jirani wana haki ya kuuliza maswali.

Njia iliyozoeleka ni kufunga upya kwenye mapipa yaliyoidhinishwa na kusafirisha kwenda nchi zenye mitambo hiyo, nyingi zikiwa Ulaya, kwa vibali vya Mkataba wa Basel. Ni ghali. Nionavyo mimi, walioiuza sumu hiyo walipaswa kulipia sehemu kubwa zaidi ya safari yake ya kurudi kuliko walivyolipa.

## Transfoma na PCB

13. PCB ni nini na ziko wapi?

Ni mafuta yasiyowaka kirahisi na yasiyopitisha umeme, yaliyotengenezwa viwandani tangu 1929. Dunia ilizalisha zaidi ya tani milioni moja kabla ya kuacha. Yaliuzwa kwa majina kama Aroclor, Clophen na Askarel, na yalitumika kwenye transfoma na kapasita. Nchi kama yetu haikuyatengeneza. Ilinunua transfoma yakiwa ndani.

Mkataba uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 kuwa mwaka wa kuwa na utaratibu salama wa taka zake. Kwa shirika la umeme lenye transfoma zilizotawanyika hadi vijijini, maana yake ni kuchukua sampuli moja moja.

14. Nitajuaje kama transfoma ina PCB?

Anza na kibao chake: mwaka wa kutengenezwa na jina la mafuta. Transfoma ya kabla ya katikati ya miaka ya 1980 inashukiwa hadi ipimwe. PCB tupu huzama kwenye maji, wakati mafuta ya madini huelea, lakini jaribio hilo halisaidii kama ni mchanganyiko. Vipo vifaa vidogo vya kupima klorini papo hapo. Vikionyesha hakuna klorini, mara nyingi umepona. Vikionyesha ipo, peleka maabara, kwa sababu si kila klorini ni PCB. Kiwango cha kuiita taka ya PCB ni sehemu 50 kwa milioni.

Transfoma mpya nayo inaweza kuchafuka. Fundi akiongeza mafuta kutoka pipa la karakana, au akitumia mashine ileile ya kuchuja kwa transfoma zote, PCB huhama kutoka ya zamani kwenda mpya. Ndiyo sababu karakana hupimwa kabla ya nguzo.

15. Ni kweli mafuta ya transfoma hukaangiwa chipsi?

Uvumi huu hauishi, na wizi wa mafuta ya transfoma upo kweli. Soko lake linajulikana zaidi kwenye mashine za kuchomelea. Wanaosema yanakaangiwa husema hayaishi upesi kwenye karai. Siwezi kukuambia kibanda fulani kinafanya hivyo. Ninaweza kukuambia kilichotokea Japani mwaka 1968, pale PCB zilipovuja kwenye mafuta ya kula ya pumba za mchele kiwandani: zaidi ya watu 1,800 walithibitishwa kuugua, wakiwa na vipele vibaya vya ngozi na maradhi yaliyodumu miaka, na watoto walizaliwa na ngozi iliyopigwa weusi. Mwaka 1979 ikajirudia Taiwan.

Mafuta mengi ya transfoma za leo hayana PCB, lakini hata hayo si chakula. Na usijipake kwa ajili ya ngozi au viungo, hata kama jirani anaapa yamemsaidia.

## Moshi

16. Dioksini zinatoka wapi kama hakuna anayezitengeneza?

Zinahitaji klorini, kaboni, na moto mbaya. Klorini hutoka kwenye plastiki ya PVC (mabomba, ngozi bandia, maganda ya nyaya), hata kwenye chumvi ya mabaki ya chakula. Moshi unapopoa kupitia nyuzi joto 450 hadi 200, dioksini hujiunda, na shaba huharakisha. Dampo linalofuka siku nzima bila mwali lina kila kitu kinachohitajika.

Katika nchi zisizo na viwanda vingi, uchomaji wa wazi wa taka ndio huongoza orodha ya vyanzo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilipunguza kinachoziba mifereji, lakini mingi ya mifuko ile haikuwa ya PVC. Usitegemee marufuku hiyo imemaliza habari ya dioksini.

17. Vijana wanachoma nyaya kupata kopa. Ni hatari kiasi gani?

Ni miongoni mwa mioto mibaya kabisa: PVC ya maganda inatoa klorini, shaba (ndiyo kopa yenyewe) inaharakisha kuzaliwa kwa dioksini, na kijana ameinama juu yake. Kumfukuza hakusaidii, atahamia korongo jingine. Kuna njia ya kumenya nyaya kwa kisu au mashine ndogo ya mkono, na kopa isiyochomwa huwa safi zaidi. Kama wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wangekataa kopa nyeusi iliyopitia moto, uchomaji ungepungua upesi kuliko kwa doria.

18. Tanuri la zahanati yetu linatoa moshi mweusi. Je?

Tanuri nyingi ndogo za matofali, za aina ya De Montfort, zilijengwa ili sindano zisiokotwe na watoto. Kwa hilo zimefaa. Hazina kisafisha moshi. Zipashwe moto kwanza kwa kuni kavu kabla ya taka kuwekwa, zisijazwe kupita kiasi, na plastiki za PVC kama baadhi ya mifuko ya damu na mirija zitengwe. Moshi mweusi ni dalili kwamba joto halijafika. Pale penye umeme wa uhakika, mtambo wa mvuke wa kuua vijidudu ni bora kuliko moto.

19. Gari la taka haliji. Nisipochoma nifanye nini?

Tenga. Mabaki ya jikoni ni sehemu kubwa ya uzito wa taka za nyumbani, na yakienda kwenye shimo la mboji kinachobaki ni kidogo. Chupa na vyuma vina wanunuzi. Ukilazimika kuchoma majani na karatasi, ondoa kwanza plastiki zote, viatu, nyaya na betri, na majani yenyewe usiyachome yakiwa mabichi. Mabaki ya PVC ni heri yafukiwe kuliko yachomwe.

## Maswali ya pembeni

20. Kama sumu hukaa kwenye mafuta, maziwa ya mama si hatari?

Nyonyesha. Hakuna jibu jingine. Sumu hizi hupatikana kwenye maziwa ya akina mama kote duniani, na Shirika la Afya Duniani huyapima ili kufuatilia uchafuzi, likiendelea kushauri kunyonyesha kwa sababu faida yake ni kubwa kuliko hatari. Maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji yasiyo salama yana hatari ya karibu zaidi.

21. Mayai ya kienyeji si ndiyo salama zaidi?

Inategemea kuku anachakura wapi. Kuku wa kienyeji hula udongo, kwa hiyo yai lake hueleza hali ya ardhi kwa ukweli ambao ripoti nyingi hazina. Katika utafiti wa 2005 uliotajwa kwenye swali la 9, mayai ya jirani na dampo la Dandora, Nairobi, yalizidi mara kadhaa kiwango cha dioksini kinachoruhusiwa Ulaya. Kuku wasichakure penye majivu ya taka, na majivu hayo usiyapeleke bustanini.

22. Zebaki ya wachimbaji wa Geita na Chunya imo humu?

Haimo. Zebaki ni metali na ina mkataba wake, wa Minamata. Risasi kwenye rangi nayo ni suala jingine. Si kwamba ni nafuu. Sheria na njia zake za kuzishughulikia ni tofauti.

23. Na kompyuta za mitumba, sufuria zisizoshika, povu la zimamoto?

Maganda ya kompyuta na televisheni za zamani yana kemikali za bromini za kuzuia moto, ambazo kadhaa zimeorodheshwa. Yakisagwa na kuyeyushwa, hurudi kama plastiki nyeusi ya bei rahisi, hata vitu vya kuchezea watoto. Baadhi ya mapovu ya zimamoto yana PFOS na PFOA, kemikali za florini ambazo nazo zimo kwenye orodha. Viwanja vya ndege na maghala ya mafuta ndiyo ya kuangaliwa kwanza. PFOA ilitumika kutengenezea utando wa sufuria zisizoshika, lakini hatari kubwa ilikuwa kwenye maji ya jirani na viwanda hivyo.

24. Nimefungua ghala la zamani la ushirika, kuna mapipa na unga mweupe. Nifanye nini?

Toka nje, funga mlango, zuia watoto na mifugo. Usifagie, usimwage maji, usihamishe pipa lenye kutu, usizike. Piga picha ukiwa mlangoni, hasa za lebo. Andika kwa afisa mazingira (swali la 6). Kama umeshakanyaga, vua viatu na nguo hapohapo nje, oga kwa sabuni, na nguo hizo usizichanganye na za nyumbani. Mapipa matupu nayo ni sumu. Usikubali mtu ayachukue kuhifadhia maji au kutengenezea pombe.

25. Nauziwa kiwanja mahali palipokuwa na stoo ya dawa. Ninunue?

Usinunue kabla udongo haujapimwa, kwa kina zaidi ya kimoja, na maji ya kisima pia. Kama Vikuge inavyoonyesha, ardhi iliyosafishwa kwa macho huweza kubaki chafu. Waulize wazee wa mtaa banda lilikuwa upande gani na maji ya mvua yalielekea wapi, maana ramani ya kiwanja haitakuonyesha. Ukiwa umeshanunua na kujenga, usilime mboga wala kufuga kuku hapo hadi majibu yatoke, na udongo wa kuchimba msingi usimpe mtu wa kifusi.